Seva Chini ya Ngazi

Mwaka 2003 bosi wangu alinitupia swali ambalo sijalimaliza hadi leo: "Hiyo programu yako ya bure, iko tayari kwa kazi za watu?" Tulikuwa tumeinama chini ya ngazi ya ofisi yetu ya uwakala wa forodha, Mombasa, mahali palipokuwa pa kuwekea mafagio kabla sijapageuza chumba cha seva. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu yenye Red Hat 9. Nikababaika. Mzee hakungoja jibu. "Rahisi huvunja upishi," akasema, akapanda zake juu.

Alikuwa na haki ya kushuku. Kazi yetu ilikuwa kutoa mizigo bandarini, na mzigo haukutoka bila karatasi. Hati ya shehena ikichelewa, kontena linakaa, na kila siku linayokaa ina bei yake. Hadi wakati huo watu tisa tulikuwa tukichangia anwani moja ya bure ya barua pepe, neno la siri likiwa limeandikwa kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani.

Programu ya barua iliyokuja na Red Hat ilikuwa Sendmail, mkongwe wa fani hii. Eric Allman aliiandika katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, zama ambazo mitandao ilikuwa mingi na kila mmoja una namna yake ya kuandika anwani. Akaifanya iweze kufasiri anwani ya kila aina, na sisi tuliomfuata tukalipia uwezo huo kwa faili la mipangilio linalofanana na nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Kila kanuni ina upande wa kushoto na wa kulia, na kinachozitenga lazima kiwe kitufe cha tab. Ukibonyeza nafasi za kawaida, kwa macho mstari ni uleule, ila barua haziendi. Mimi hilo lilinila siku mbili. Na Sendmail ilikuwa na historia yake: tarehe 2 Novemba 1988, mnyoo wa kompyuta wa Robert Morris ulipoangusha maelfu ya mashine, mlango mmoja ulioutumia ulikuwa Sendmail zilizoachwa katika hali ya majaribio. Swali la mzee, basi, wenzake walishaliuliza zamani.

Kilichonivunja mimi hakikuwa mnyoo. Kilikuwa umeme. Mashine yetu ilihifadhi barua za kila mtu katika faili moja refu, barua chini ya barua, kama daftari la duka. Jioni moja umeme ukakatika wakati barua inaandikwa. Uliporudi, faili la dada wa mapokezi lilikuwa limechanika katikati: nusu ya barua ya wakala wa meli, kisha takataka, kisha kimya. Kosa lilikuwa langu, sikuwa na betri ya akiba. Lakini Mombasa ile betri yenyewe ilikuwa anasa, nikaona afadhali nitafute programu zinazolijua giza.

Nikazipata, na hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu waandishi wa programu huria. Daniel J. Bernstein, mtaalamu wa hisabati wa Marekani mwenye ulimi mkali, alikuwa ametoa qmail katika miaka ya 1990, na pamoja nayo akabuni Maildir. Katika Maildir kila barua ina faili lake. Huandikwa kwanza katika folda ya tmp, na ikishakamilika tu ndipo huhamishiwa folda ya new. Umeme ukikatika katikati, kinachobaki tmp ni kipande kisicho na maana, na barua nyingine zote ni salama. Ni wazo dogo mno, mpaka unajiuliza mbona hukulifikiria mwenyewe.

qmail yenyewe sikuitumia. Niliichukua Maildir, nikaitumia pamoja na Postfix, iliyotolewa Desemba 1998 na Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa katika maabara ya utafiti ya IBM. Anayewakumbuka matarishi wa ofisi za serikali atakumbuka na kitabu chao: tarishi hakuachii bahasha mpaka utie sahihi. Kwenye barua pepe sahihi hiyo ni namba 250. Seva inayopokea ikijibu 250, dhamana imeingia mikononi mwake. Postfix haijibu 250 mpaka barua iwe imekwisha kuandikwa kwenye diski. Na barua za kwenda nje, laini ikikatika, haizitupi. Huzipanga foleni, hujaribu tena na tena, na usipoigusa mipangilio yake huvumilia siku 5 kabla ya kumrudishia mtumaji.

Siku 5 hizo tulizihitaji. Laini yetu ilikuwa ya kilobiti 64 kwa sekunde. Hati iliyoskaniwa ya megabaiti 4 huongezeka theluthi moja ikifungashwa kwa barua pepe, kwa hiyo peke yake ilikula laini dakika 11, nayo laini haikupenda kusimama dakika 11 mfululizo. Nilikuwa nikiamka, kabla ya chai, naandika amri ya mailq nione nani bado yuko foleni. Mwaka 2009 nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilipowashwa pwani yetu, foleni ile ikaisha nami nikakosa la kufanya asubuhi.

Wa kuzifungulia barua zilizotufikia kwenye meza za watu alikuwa Dovecot, kazi ya Timo Sirainen wa Finland, iliyotoka mara ya kwanza 2002. Siku moja mzee akachungulia skrini, akaona imeandikwa 0.99. "Hata moja haijafika?" Nikamwambia waandishi wa programu huria ndivyo walivyo, hawaiti kitu kamili mpaka waone haya kuendelea kukiita pungufu. Dovecot 1.0 ilitoka Aprili 2007. Kufikia hapo 0.99 ilikuwa imetubeba miaka mitatu bila kupoteza barua hata moja.

Lakini nisijigambe. Mzee alitaka kalenda. Alitaka katibu wake aweke mkutano kule juu na yeye auone kwenye simu akiwa bandarini, jambo ambalo Exchange ya Microsoft ilishawazoesha wenye makampuni. Mimi nilikuwa na vipande: barua hapa, kalenda kule, vikiunganishwa na maombi yangu. Zimbra, iliyotoka 2005, ilikuwa na vyote pamoja, ila 2007 ikanunuliwa na Yahoo, 2010 ikaenda VMware, 2013 Telligent, 2015 Synacor. Mtoto wa kulelewa na akina mama wanne! Nani angeweka ofisi yake hapo akalala?

Na fundi alikuwa mmoja. Nilipokwenda Lamu kwenye harusi ya binamu, diski ilijaa, na ofisi nzima ikanipigia simu nikiwa nimeshika sahani ya pilau. Halafu barua zetu zikaanza kukataliwa ng'ambo kwa sababu jirani fulani kwenye mtandao uleule alikuwa akitapakaza barua taka. Mwaka 2012 mzee akahamishia kila kitu kwa kampuni moja ya nje, analipia kwa kichwa kila mwezi. Sikumpinga.

Ndiyo maana Oktoba 2025 niliposoma kwamba jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, limehamisha masanduku ya barua zaidi ya 40,000 kutoka Exchange na Outlook kwenda programu huria za Open-Xchange na Thunderbird, kalenda zikiwemo, kilichonivutia si programu. Niliwaza wale mafundi, ni wangapi, na akienda mmoja harusini nani anabaki.

Diski ya chini ya ngazi ninayo bado, ndani ya bati la biskuti. Juzijuzi mtoto wa mzee, ndiye bosi sasa, akaja ana mgogoro wa zamani juu ya kontena, anatafuta barua ya 2005. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Hakuna programu niliyoweka, maana kila barua ni faili la maandishi matupu. Nikatafuta namba ya kontena, ikajitokeza pale pale. Akaisoma mara mbili, akaomba nimchapie nakala tatu.