Barabara Zilizoachwa na Farasi

Katika miaka ya 1880, Jumapili za kiangazi, kijiji cha Ripley katika kaunti ya Surrey, kusini mwa Uingereza, kilipokea wageni wa aina mpya. Walikuwa vijana wa London, wametota jasho, vumbi limewapaka hadi kwenye nyusi, wakiteremka kwa tahadhari kutoka kwenye baiskeli ambazo gurudumu lake la mbele lilimfika mtu kifuani. Waliziegemeza kwenye ukuta wa Anchor, nyumba ya wageni ya zamani iliyo kando ya barabara, wakaingia ndani kutafuta chakula na chai. Mama mwenye nyumba, Bibi Dibble, na binti zake Annie na Harriet, waliwapokea bila kununa. Hilo halikuwa jambo dogo: penginepo mpanda baiskeli alitazamwa kama mhuni anayetisha farasi. Aliyefika Anchor aliandika jina lake kwenye daftari la wageni, akapumzika, kisha akageuza gurudumu kurudi mjini.

Kutoka katikati ya London hadi hapo ni karibu kilomita 40. Safari hiyo ilipendwa mno hata Ripley pakaitwa Makka ya wapanda baiskeli.

Walichokipenda ni utulivu. Njia ilipita kwenye vichaka, mashamba na vijiji vya matofali mekundu, na mtu angeweza kukanyaga pedali muda mrefu asipishane na chochote zaidi ya mkokoteni wa nyasi. Lakini utulivu huo haukuwa wa tangu enzi na enzi. Barabara ile ilikuwa njia kuu ya kwenda Portsmouth, bandari ya jeshi la wanamaji. Usiku na mchana ilipitwa na magari ya farasi yaliyobeba barua na abiria, maofisa wanaowahi meli zao, na mabaharia wanaorudi na mishahara mfukoni. Nyumba za wageni kama Anchor zilitegemea msafara huo. Ndipo ikaja reli. Kufikia miaka ya 1840 treni zilikuwa zimewanyang'anya abiria wale waendesha magari ya farasi, na barabara kuu za Uingereza zikabaki kimya, mazizi matupu, wenye nyumba za wageni wakihesabu madeni. Wapanda baiskeli walirithi kitu kilichotupwa na wengine, na kilikuwa bado na joto.

Urithi nao unahitaji mipango. Mwaka 1878, katika mji wa Harrogate kaskazini mwa Uingereza, Stanley Cotterell na wenzake waliunda Bicycle Touring Club, chama cha watu waliotaka kusafiri kwa baiskeli pasipo kushindana. Mwaka 1883 kikabadili jina na kuwa Cyclists' Touring Club, kwa kuwa waliotumia magurudumu matatu nao walitaka nafasi. Chama kilikuwa na sare. Ya kwanza ilikuwa ya kijani kibichi kilichokoza, ya kitambaa cha sufu, suruali ikiishia magotini. Barabara za kokoto hazikuchelewa kuwafundisha: kijani kilionyesha uchafu wote, na sare ikageuzwa kuwa ya kijivu.

Makundi mengine yalitanguliwa na mpiga tarumbeta. Sauti moja ilimaanisha geukeni, nyingine simameni. Mpango ulikuwa mzuri hadi makundi mawili yalipokutana njiani na kila moja likatii tarumbeta ya mwenzake.

Kazi halisi ya chama ilifanyika kwenye karatasi. Kiliteua wawakilishi katika miji mbalimbali, wakaitwa makonseli kama wale wa serikali, ili mgeni apate wa kumuuliza habari za njia na mafundi. Kilikubaliana bei na nyumba za wageni, na zile zilizokubalika zikatundika ukutani nembo ya chuma ya gurudumu lenye mabawa matatu. Juu ya miteremko mikali kilisimamisha vibao vya kuonya hatari, wakati ambapo serikali haikuwa na alama zake za barabarani. Kwa baiskeli ya gurudumu kubwa kibao hicho kiliokoa shingo: jiwe dogo tu lilitosha kumrusha mtu kichwa mbele kupita usukani.

Waliosafiri hawakufuata hewa safi peke yake. Mwaka 1884 mume na mke kutoka Marekani, mchoraji Joseph Pennell na mwandishi Elizabeth Robins Pennell, walipanda baiskeli moja ya magurudumu matatu ya watu wawili, wakatoka London kwenda Canterbury. Walichagua njia hiyo kwa sababu ndiyo waliyopitishwa mahujaji wa Geoffrey Chaucer katika hadithi za karne ya 14. Kitabu chao, chenye michoro ya Joseph, kilitoka mwaka 1885. Baada ya hapo waliifuata njia ya Laurence Sterne, mwandishi wa karne ya 18, nchini Ufaransa, na kufikia mwaka 1898 Elizabeth alikuwa ameandika pia jinsi alivyovuka milima ya Alps kwa baiskeli. Wawili hawa waliwaonyesha wasomaji kwamba baiskeli ina mwendo unaofaa historia: inafika mbali kuliko miguu, na bado inakuruhusu kusimama papo hapo unapouona mnara wa kanisa nyuma ya miti.

Hata hivyo, hadi hapo mchezo huu ulikuwa wa wenye nafasi na ujasiri. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, magurudumu yakikaribiana ukubwa na cheni ikizungusha lile la nyuma, umbo ambalo hadi leo halijabadilika sana. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Viwanda vikaongezeka, kimojawapo kikiwa Raleigh cha Nottingham, ambacho baiskeli zake nzito nyeusi baadaye zingefahamika hadi vijijini Afrika Mashariki. Bei zikashuka. Karani na mwuza duka wakaanza kupanda.

H. G. Wells aliwajua watu hao. Ujanani alikuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa. Katika riwaya yake ya mwaka 1896, The Wheels of Chance, mwuza vitambaa anayeitwa Hoopdriver anapata likizo yake fupi ya mwaka, anapanda baiskeli kuukuu huku miguu ikiwa na michubuko ya kujifunzia, na anashika barabara ileile ya Portsmouth. Kwa siku chache hakuna anayemwamrisha. Miaka mitatu baada ya riwaya hiyo, wanachama wa Cyclists' Touring Club walifika 60,449.

Wanawake walikuwa miongoni mwao, na nguo ikawa kesi. Sketi ndefu ilinasa kwenye cheni. Wengine wakavaa suruali pana iliyofungwa chini ya goti. Oktoba 1898 Lady Harberton, mtetezi wa mavazi hayo, aliingia katika hoteli ya Hautboy huko Ockham, jirani kabisa na Ripley, akiwa na suruali yake, akaomba chakula cha mchana. Mwenye hoteli alimkatalia chumba cha kahawa, akamwelekeza kwenye chumba cha baa walimokuwa wanaume. Chama kilifungua mashtaka kwa niaba ya mwanachama wake. Mwaka 1899 baraza la wazee wa mahakama lilionyeshwa picha ya kile chumba cha baa, likaona kinatosha, na mwenye hoteli akaachiwa. Chama kilishindwa mahakamani, ila kwa majuma kadhaa nchi nzima ilijadili suruali ya mpanda baiskeli.

Kizazi kilichofuata kiliichukua baiskeli kama chombo cha elimu. Kati ya mwaka 1906 na 1908 mwanafunzi kijana wa mjini Oxford, T. E. Lawrence, alitumia likizo zake za kiangazi kuzunguka Ufaransa kwa baiskeli, akipima na kuchora ngome za zama za kati. Safari ya mwaka 1908 peke yake ilimchukua zaidi ya kilomita 3,000, hadi pwani ya Mediterania. Ngome hizo, pamoja na zile alizozifuata kwa miguu huko Syria mwaka 1909, ndizo zilizozaa tasnifu yake kuhusu majengo ya wapiganaji wa msalaba. Dunia ingemfahamu baadaye kwa ngamia na vita vya Uarabuni. Alianza kwa pedali.

Wakati huo barabara zilikuwa zinaondoka mikononi mwa wapanda baiskeli, na kwa sehemu walijitakia. Mwaka 1886 vyama vyao vilianzisha Roads Improvement Association kushinikiza barabara zitengenezwe, maana mashimo na vumbi viliwachosha. Barabara zikatengenezwa, zikapakwa lami, na aliyefaidi zaidi akawa mwenye motokaa. Njia ya Portsmouth ikapewa namba, A3, ikarudi kuwa na kelele kuliko ilivyokuwa siku za farasi. Wapanda baiskeli wakajipenyeza kwenye vichochoro vya mashambani, na kuanzia mwaka 1930 hosteli za vijana zikawapa kitanda cha bei nafuu. Ripley yenyewe ilisubiri hadi miaka ya 1970 ndipo magari yakachepushwa nje ya kijiji.

Motokaa haikuishia kwenye barabara. Iliidhoofisha na reli. Mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa zaidi ya stesheni 2,000 na takriban kilomita 8,000 za njia za treni. Kati ya Bristol na Bath, reli iliyofunguliwa mwaka 1869 ilipoteza treni zake za abiria mwaka 1966, kisha mataruma yakang'olewa, magugu yakameza tuta. Mwaka 1977 wakazi wa Bristol waliunda kikundi kiitwacho Cyclebag. Mwaka 1979 wakaanza kulitandaza tuta hilo kwa majembe na toroli, sehemu kubwa kwa kujitolea, na mwaka 1986 njia ya kilomita 21 ikakamilika. Kikundi kikawa shirika la Sustrans, ambalo mwaka 1995 lilipata zaidi ya pauni milioni 40 kutoka bahati nasibu ya taifa ili kujenga mtandao wa njia za baiskeli kwa nchi nzima. Ile ya Bristol na Bath ndiyo iliyokuwa mfano.

Ni njia rahisi kwa magoti, kwa kuwa mwinuko unaofaa treni haumtesi mtu. Ukitoka Bristol utapita ndani ya handaki la Staple Hill, karibu mita 470 za giza la ubaridi linaloangazwa kwa taa, kisha magofu ya stesheni ya Mangotsfield ambako kuta zimebaki na treni haziji. Mbele ni Bath, mji wenye mabafu ya Warumi ya karibu miaka 2,000.

Kabla ya kufika huko kuna Bitton. Hapo watu wa kujitolea wamerudisha kipande cha reli sambamba na njia ya baiskeli, na siku za mapumziko injini ya mvuke huvuta mabehewa taratibu. Wapanda baiskeli hushuka, huziegemeza baiskeli zao kwenye ukuta wa stesheni, na huenda dirishani kuagiza chai.