Ngitili: Somo la Shinyanga Juu ya Binadamu na Ardhi

Makada wengi huitaja ardhi kama nyenzo ya uzalishaji. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Ardhi ni amana vilevile: tumeikuta, na hatuna budi kuwaachia watakaokuja. Historia ya Shinyanga yatufundisha jambo hilo.

Wasukuma wana desturi ya ngitili. Mvua zianzapo, sehemu ya malisho hufungwa. Kiangazi kikiwa kikali, hufunguliwa. Hivyo ng'ombe hupata majani, na ardhi hupata kupumzika. Mwenye kuvunja mwiko hujibu mbele ya dagashida, yaani baraza la wenyeji.

Wakoloni wa Kiingereza walikuja na hesabu nyingine. Kuanzia miaka ya 1920 walifyeka mapori makubwa ili kuangamiza mbung'o, na kilimo cha pamba ya kuuzwa nje kikapanuliwa. Pori likahesabiwa kuwa adui, na mkulima kuwa chombo cha kuzalisha mali ya wengine.

Lakini tusiishie kuwalaumu wakoloni. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, sisi wenyewe tuliwahamisha wananchi kutoka kwenye makazi na ngitili zao. Nia ilikuwa njema: shule, maji na zahanati. Hata hivyo, ngitili iliyopoteza mwenyewe ilipoteza mlinzi. Ilipofika mwaka 1986, zilizojulikana kusalia zilikuwa hekta 600 hivi tu.

Mwaka huo ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni mkazo uliwekwa katika kugawa miche. Mafanikio makubwa yalikuja pale wataalamu walipowasikiliza wanavijiji na ngitili zikarudishwa. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua. Dagashida na sungusungu wakalinda. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Tunajifunza nini? Kwanza, anayempuuza mkulima huipuuza na ardhi yake. Dhuluma hizo mbili ni moja. Pili, nia njema haiondoi wajibu wa kuwauliza wenyeji kabla ya kuamua. Tatu, kiongozi asiyekubali kujikosoa hawezi kurekebisha kitu.

Basi kada aendapo kijijini asianze kwa kuamuru. Aulize kwanza: hapa mlihifadhi nini, na nani aliwazuia?