Nani Anaisemea Alama? Kutoka Kwamsisi hadi Ofisi ya Mhadhiri

Mwanafunzi wa Mlimani akipata C hufanya moja kati ya mambo mawili: ananyamaza na kuificha karatasi, au anakwenda ofisini kubembeleza maksi. Kuuliza "hii C imetoka wapi, na nirekebishe nini?" ni jambo la tatu, na wengi wetu hatukulizoea. Makala haya yanadai kwamba ukimya huo una historia, na sehemu ya historia hiyo iko Korogwe na Handeni.

Enzi za ukoloni mitihani ya sekondari ilisahihishwa Cambridge. Ungemwuliza nani? Mwalimu wako naye alisubiri matokeo kama wewe. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza letu likaundwa kwa sheria ya 1973. Mtihani ukarudi nyumbani, lakini mazungumzo je?

Mwaka 1971 huo huo, Chuo cha Ualimu Korogwe kilishiriki jaribio la shule ya jamii katika kijiji cha ujamaa cha Kwamsisi, wilayani Handeni. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikuwa imeikosoa shule inayomtenga mtoto na kijiji chake. Kwamsisi ikawa mahali pa kulipima wazo hilo. Swali linalonivutia mimi ni dogo tu: mtoto akijifunza darasani na shambani pia, nani anampa alama, na kwa kipimo gani? Mtihani wa karatasi hauoni jembe.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu kujibu. Kuanzia 1976 kazi za darasani na tabia zikahesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Sasa basi, alikuwapo mtu wa kumwuliza. Lakini hebu tazama mgongano uliopo: mtu huyo huyo ndiye anayeandika alama ya tabia yako! Ukihoji maksi za insha, unaweza kuonekana mkaidi. Nadhani hapa ndipo wengi walipojifunza kunyamaza, na waliofundishwa nao wakaturithisha sisi.

Hata hivyo, vyuo vya ualimu vilikuwa na mlango mwingine, yaani mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi anakaa nyuma ya darasa akiandika. Kipindi kikiisha anakuita pembeni: ubao umeujaza ovyo, umewasahau wa dawati la mwisho, swali lako limejijibu lenyewe. Alama inakuja na sababu zake, na kesho kuna kipindi kingine. Huo, jamani, ni uhakiki kamili, tena mhakikiwa yupo na anaweza kujibu.

Nami nilijaribu. Insha yangu juu ya riwaya moja ilirudi na C, na neno "fafanua" mara tatu pembeni. Nilimwendea mhadhiri, shikamoo mwalimu, nikamwambia sikufuata maksi, nimefuata hizo "fafanua". Akasoma upya. Moja akaifuta mwenyewe akicheka. Mbili akazisimamia: "Hapa umenisimulia riwaya, hujaihakiki." Tulibishana kama robo saa hivi juu ya aya ya tatu, na kwa kweli sikushinda.

C ilibaki C. Insha iliyofuata niliianza na hoja, muhtasari nikauacha.