Kutoka Sominki hadi Meta: mwajiri asiyekubali kuitwa mwajiri

Kamituga, Lugushwa, Kalima, Namoya: katika miji hii ya madini ya mashariki mwa Kongo kuna wazee ambao miaka nenda miaka rudi wamedai dekonti finali yao, yaani malipo yao ya mwisho, ya kampuni ya madini ya Sominki. Kampuni yenyewe ilikufa mwaka 1997. Wengi wa waliodai wamekufa pia, na madai yamebaki kwa wajane na watoto. Leo inasemwa sana kwamba wafanyakazi wa kampuni kubwa za teknolojia, kuanzia California hadi Nairobi, wamepoteza imani na wakubwa wao. Mtu wa Bukavu akisikia hivyo hana haja ya kwenda mbali kutafuta maana yake. Jambo hilo lilitupata kabla intaneti haijafika kwetu.

Sominki iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni tisa za enzi ya ukoloni zilizochimba kasiteriti na dhahabu Kivu na Maniema. Serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa na hisa asilimia 28, na zilizobaki zilikuwa za wenye mitaji binafsi. Mishahara haikuwa ya kujivunia. Lakini mfanyakazi alikuwa na nyumba ya kampuni, hospitali, shule ya watoto, na mkuu wa kituo ambaye aliweza kumfuata ofisini na kumwambia shida yake. Ubaya wa mkubwa huyo aliujua, na sura yake pia aliijua.

Oktoba 1985 bei ya bati iliporomoka katika soko la dunia, na Sominki haikuinuka tena. Kilichofuata kilikwenda haraka. Mwaka 1996 kampuni ya Banro ya Canada ilinunua hisa za wale wenye mitaji. Mwaka uliofuata Sominki ikafungwa na kampuni mpya ya Sakima ikazaliwa kuchukua nafasi yake. Julai 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila akafuta haki za Banro, nayo ikaishtaki serikali mbele ya mahakama ya usuluhishi huko Washington, hadi walipopatana mwaka 2002. Miaka tisa baadaye Banro ikatoa dhahabu ya kwanza katika mgodi wa Twangiza.

Tazama kilichohama na kilichobaki. Haki za migodi zilipita mkono hadi mkono, kila mara kwa mkataba wenye saini na mihuri. Deni la mfanyakazi halikupata mkono wa kulipokea. Dhahabu ilikuwa palepale, milima ilikuwa ileile, lakini mwajiri alikuwa ametoweka kisheria.

Tuje Nairobi. Mwaka 2019 Facebook, ambayo baadaye ilijiita Meta, ilianza kutumia kituo cha Nairobi kuchuja yale yanayowekwa mtandaoni na watumiaji wake wa Afrika. Kituo hicho kiliendeshwa na Sama, kampuni ya San Francisco iliyojitangaza kuwa inawatoa watu katika umaskini kwa kazi za kidijitali. Vijana waliajiriwa kutoka Kenya, Ethiopia, Somalia, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko. Kazi yao ilikuwa kutazama. Mtu anachinjwa, mtoto anadhulumiwa, mtu anajiua, nao wanaamua kwa sekunde chache kama video ibaki au iondolewe, kisha inakuja nyingine. Sisi wa Kivu, ambao vita yetu imejaa mitandaoni, tuna sababu ya kuwafikiria watu hawa. Kila picha ya kutisha inayoondolewa kabla haijamfikia mtoto wa Kadutu au Bagira hapa Bukavu, huenda kuna mtu aliyeitazama kwa niaba yetu.

Daniel Motaung, Mwafrika Kusini, amesimulia kwamba video ya kwanza aliyoiona kazini ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa. Mwaka huohuo wa 2019 aliwakusanya wenzake zaidi ya 100 ili wadai mshahara bora na mazingira bora ya kazi. Alifukuzwa. Februari 2022 jarida la TIME la Marekani lilichapisha habari zao na kueleza kwamba baadhi yao walipokea kiasi kidogo cha dola 1.50 kwa saa. Sama ilikanusha kwamba inawanyonya. Mei mwaka huo Motaung, akiwakilishwa na wakili Mercy Mutemi, aliwashtaki Sama na Meta katika mahakama ya kazi ya Nairobi.

Jibu la Meta ndilo linalonifanya niikumbuke Sominki. Ilisema haina makazi wala biashara Kenya, kwa hiyo mahakama ya Kenya haiwezi kuihukumu. Wale vijana walisoma kanuni za Facebook, walilinda jina la Facebook, walishinda mchana na usiku mbele ya picha za Facebook. Siku ya kudai, Facebook haiwajui.

Januari 2023 Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi hiyo, na wachujaji wapatao 260 wakaambiwa ajira yao inakwisha. Kazi ikahamishiwa kampuni ya Majorel. Wafanyakazi 184 walikwenda mahakamani, wakidai kwamba wamefukuzwa kinyume cha sheria na kwamba Majorel iliambiwa isiwaajiri. Tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Wafanyakazi, zaidi ya 150 waliofanyia kazi Facebook, TikTok na ChatGPT kupitia wakala walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Mwezi uliofuata Jaji Byram Ongaya alisema, katika uamuzi wa muda, kwamba mwajiri mkuu ni Meta na Sama ni wakala tu. Meta ikakata rufaa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya. Desemba mwaka huo ripoti za daktari wa Hospitali ya Kenyatta zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati ya wachujaji hao wana maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe.

Hata wanaolipwa vizuri huko Marekani wameonja uchungu wa kupoteza imani na wakubwa wao. Novemba 2018 wafanyakazi wa Google wapatao 20,000 duniani waliacha meza zao kwa muda, baada ya kufichuka kwamba mkubwa mmoja aliyetuhumiwa kumdhulumu mwanamke kingono, tuhuma aliyoikanusha, aliondoka na dola milioni 90. Novemba 2022 Meta iliwaachisha kazi watu 11,000. Mark Zuckerberg aliandika kwamba anabeba dhima ya maamuzi hayo, na akabaki katika kiti chake. Miezi miwili baadaye ikawa zamu ya 12,000 wa Google, na baadhi yao walijua asubuhi walipokuta akaunti zao za kazi zimefungwa.

Kazi ngumu haiui imani ya mfanyakazi. Mchimbaji wa Kamituga alivumilia ugumu ambao wengi wetu tusingeuweza. Imani inakufa pale anayepokea faida anapokataa kupokea deni.

Vijana wetu wanaomaliza vyuo hapa Bukavu wanatafuta kazi za mtandaoni: kuchuja picha, kutafsiri, kufundisha mashine za akili bandia Kiswahili chetu. Nawasihi wasikubali mkataba wowote kabla ya kujua mambo haya: nani anafaidika na kazi hii, jina lake liko wapi katika karatasi, na mgogoro ukitokea utaamuliwa katika mahakama ya nchi gani. Wakaguzi wa kazi na wabunge wetu nao wayaulize maswali hayohayo mapema, kabla kampuni za kazi hizo hazijafungua milango hapa.