HISTORIA YA MBOLEA YA NYUMBANI KATIKA NCHI YA BUHA

Kamati imenipa ukurasa huu nieleze historia ya bustani zetu. Najua wengine mlitegemea nianze na hisa na sanduku. Lakini mnafahamu wenyewe kwamba hela ya hisa kwa wengi wetu inatoka kwenye mchicha, kabichi na nyanya za nyuma ya nyumba, na mboga hizo zinatoka kwenye samadi.

Tangu zamani Waha wa Kibondo na Kasulu walijua kuwa udongo wetu mwekundu wa milimani unachoka upesi. Mvua ni nyingi toka Oktoba mpaka Mei, na maji yanashuka na rutuba. Kwa hiyo migomba ilipandwa kuizunguka nyumba, na kila kitu kilitupwa hapo: maganda ya maharage, majivu, mabua, mavi ya ng'ombe na ya mbuzi. Asiye na ng'ombe aliweza kukabidhiwa na mwenye mifugo kwa mpango ulioitwa ubugabire. Alimtumikia mwenye mali, naye akapata maziwa na samadi. Wakati wa mkoloni wanaume wengi walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga na Morogoro. Basi aliyebaki kubeba samadi kichwani ni mama.

Sasa angalieni jambo moja. Samadi ikishaingia kwenye udongo haihami. Miaka ya 1930 Waingereza walihamisha watu katika Buha na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Halafu mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakapelekwa vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Shule na zahanati zilisogea karibu, na kwa hilo tunashukuru. Lakini migomba na udongo mweusi uliotengenezwa miaka mingi ulibaki kwenye mahame, na mama zetu wakaanza upya. Mpaka leo ukilima kwenye mahame mahindi yanakubali, hatua chache pembeni ni ya njano.

Mbolea ya dukani nayo ilikuja kwa ruzuku, na ruzuku hiyo ikaondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2022 bei ilipopanda dunia nzima, serikali ilitoa ruzuku tena, na imesaidia wakulima. Mimi siipingi mbolea hiyo. Ninachosema ni kwamba udongo usio na mboji haushiki maji wala haushiki hiyo mbolea, unamwaga tu hela. Tena bei yake haipangwi Kasulu wala Kibondo.

Ndiyo maana kikundi chetu kilifundishana mboji. Chini ya kivuli panga tabaka: mabua na majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, majivu kiasi. Nyunyiza maji, funika kwa majani ya migomba. Chomeka fimbo katikati. Ukiichomoa ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Pindua baada ya wiki tatu hivi, na kwenye miezi mitatu utapata mbolea nyeusi isiyonuka. Samadi mbichi usiweke kwenye miche, itaiunguza. Na mwenye ng'ombe aifunike samadi yake, maana jua na mvua vinaiba nguvu.

Lakini nikimaliza hapo nitakuwa sijasema la maana. Mwenzetu mmoja alitia mboji kwenye bustani moja miaka saba, ikawa inamsomeshea watoto. Mume akafariki, ndugu wa mume wakaichukua. Alitoka na jembe na ndoo. Tulimchangia kutoka mfuko wa jamii, lakini udongo hatukuweza kumbebea. Yaliyowapata mama zetu mwaka 1972 yamempata yeye peke yake, bila operesheni.

Sasa sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Kijiji kikishapata cheti cha ardhi yake, halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hatimiliki ya kimila, na mke na mume wanaweza kuandikwa wote wawili. Kwa hiyo naomba katika miaka kumi ijayo kila mwanachama aulize kijijini kwake na azungumze na mzee wake nyumbani kwa heshima, jina lake liandikwe. Mikopo ya sanduku itumike kwa ada na nauli za kazi hiyo. Tuendelee kutengeneza mboji, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini tuhakikishe kibaba chenyewe ni chetu.



Mwenyekiti