Kanjo ilikuwa nini?

Ukisikia "Kanjo!" mjini Nairobi, wachuuzi wanakunja magunia na kutoka mbio. Lakini neno hilo, lililotokana na "council" ya Mwingereza, zamani lilibeba mengi zaidi. Kanjo ilikuwa nyumba za Kaloleni na ukumbi wake, zahanati, shule za nasari, taa za barabarani.

Basi lilisinyaa vipi? Mwaka 1983 serikali ya Moi iliondoa baraza lililochaguliwa ikaweka tume ya kuteuliwa. Diwani wa kusumbuliwa taa ikizima hakuwepo tena, askari wakabaki. Mei 1990 walibomoa vibanda vya Muoroto, na wakazi wakapambana nao. Madiwani walirudi baada ya uchaguzi wa 1992, lakini sura ya kanjo ilishabadilika. 2013 kaunti ikarithi kazi, na jina pia.

Polisi wako chini ya serikali kuu, sawa. Lakini taa za mtaa ni jukumu la kaunti, na si bure tuliziita zile ndefu "mulika mwizi". Usalama huanzia hapo. Siku moja tuseme "kanjo" tukiita msaada, si tukikimbia.