Mwenye Duka Aliyebaki Mlimani

Neno letu "duka" lina ndugu wengi. Waarabu wana dukkan, Waajemi wanalo, na ukienda Mumbai au Delhi ukauliza dukan uko wapi utaelekezwa bila shida. Katika riwaya zetu, hata hivyo, duka ni mahali pa kungojea. Yusuf wa Gurnah, katika riwaya ambayo Ida Hadjivayanis ametupatia kwa Kiswahili kama Peponi, anaachwa kwa Hamid, mwenye duka katika mji mdogo chini ya mlima, huku msafara ukiendelea na safari yake. Riwaya ya Vassanji, The Book of Secrets, inaanza na shajara ya Mwingereza iliyokutwa katika duka la zamani Dar es Salaam. Historia hupita barabarani. Mwenye duka, yeye hutunza vilivyodondoka.

Mimi nina mwenye duka mmoja anayeharibu mpangilio huo. Si wa kubuni, na wala si wa kwetu. Duka lake lilikuwa McLeod Ganj, juu ya mji wa Dharamshala, kaskazini mwa India, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ukuta wa Himalaya nyuma yake.

Kwanza mji wenyewe. McLeod alikuwa Luteni Gavana wa Punjab, na ganj ni soko. Kwa hiyo jina lenyewe ni "soko la McLeod". Waingereza walipanda huko kukimbia joto la bondeni. Mwaka 1860 familia moja ya Kiparsi, Nowrojee, ikafungua duka la kuwauzia mahitaji yao. Waparsi ni Wazoroasta ambao mababu zao walihama Uajemi karne nyingi zilizopita wakatua Gujarat. Tunawajua: Unguja walikuwepo pia, na Farrokh Bulsara aliyezaliwa huko mwaka 1946 ndiye dunia ilimwita baadaye Freddie Mercury. Popote Mwingereza alipoweka kambi, Mparsi alikuwa hachelewi kufika na bidhaa. Magazeti, tumbaku, peremende katika chupa pana za kioo, soda waliyotengeneza wenyewe. Duka la kila kitu, kama yale tuliyotumwa utotoni na noti iliyokunjwa kiganjani.

Miaka mitatu baadaye Lord Elgin, mwakilishi wa Malkia nchini India, akafia Dharamshala safarini na kuzikwa kwenye kanisa la St John in the Wilderness. (Ndiyo, mwana wa yule Elgin aliyebeba sanamu za Athens.) Nitamrudia.

Tarehe 4 Aprili 1905 ardhi ikatetemeka. Tetemeko la Kangra liliua watu karibu 20,000 katika eneo lile, na kanisa lenyewe likapoteza mnara wa kengele. Serikali ikashusha ofisi zake chini bondeni, kwenye usalama kidogo. Duka likabaki juu. Kisha ikaja 1947: Waingereza wakafunga mizigo, na mgawanyo wa India na Pakistan ukawaondoa Waislamu waliokuwa wakiishi pale. Nyumba kubwa za mbao zikabaki zimefungwa. Kiswahili kina neno zuri na la kusikitisha kwa mahali kama hapo: mahame.

Sasa mfikirie Nauzer Nowrojee, mrithi wa duka hilo. Anauza magazeti katika mji usio na wasomaji. Mtu mwenye akili ya biashara angehama, au siyo? Yeye akabaki, na kwa miaka kadhaa akahangaika kutafuta watu wa kuzijaza zile nyumba. Aliyemjibu, mwishowe, alikuwa historia yenyewe. Machi 1959 Dalai Lama, kijana wa miaka 23, aliikimbia Lhasa akavuka milima hadi India, na nyuma yake wakafuata wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 80,000. Serikali ya Nehru ilimweka kwanza Mussoorie. Nowrojee aliposikia kwamba panatafutwa makazi ya kudumu, aliiandama serikali: nyumba zipo, hewa ipo, njooni mwone.

Hapa wasimulizi wengi wanalainisha sauti. Eti Mparsi mwenye moyo mwema, mtoto wa wakimbizi wa kale, akawafungulia mlango wakimbizi wapya. Mimi siutaki huo utamu wote. Watibeti wenyewe walisita, wakihofia kwamba Delhi inawapeleka mbali ili sauti yao isisikike, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga: serikali iliyokuwa na China jirani mlangoni haikukosa sababu za kupenda mji wa mbali. Na Nowrojee alihitaji wateja. Tuseme tu hivyo. Kwani kuna aibu gani? Msomaji wa hadithi amezoea kumdai shujaa nia safi, lakini muuza duka anayejua hesabu zake aliona nyumba tupu pale ambapo wanasiasa waliona tatizo. Faida yake na hifadhi ya watu wengine zilikutana kwenye kaunta moja. Namheshimu zaidi hivyo kuliko akiwa malaika.

Dalai Lama aliwasili tarehe 30 Aprili 1960, miaka mia tangu duka lifunguliwe. Alipewa makazi katika nyumba ya zamani ya kamishna wa Kiingereza. Yakafuata mahekalu, shule, maktaba, serikali ya uhamishoni, kisha wasafiri wa Ulaya na Marekani wenye mabegi mgongoni, kisha watalii wa Kihindi wenyewe. John Avedon, mwandishi Mmarekani, alimpa Nowrojee nafasi katika kitabu chake cha 1984 kuhusu uhamisho wa Watibeti, na nadhani ni mojawapo ya mara chache ambapo mwenye duka ameingia historia kwa jina lake.

Lakini wateja walipokuja, hawakuja kutafuta soda ya zamani. Watibeti walifungua maduka yao, ya shali, shanga na vitabu, na migahawa ya momo, zile nyama zilizofungwa ndani ya unga na kupikwa kwa mvuke. Duka la Nowrojee likageuka kitu cha kupigwa picha: mabango ya matangazo ya zamani, rafu za mbao, magazeti ya siku hiyo mezani. Mtu alipiga picha yake, akanunua peremende moja, akaenda zake.

Jengo hilo limeshabomolewa. Elgin, aliyepita tu akafa, bado ana mnara wake kando ya kanisa, katikati ya miti ya mierezi, na watalii huoneshwa.